Barua Tuliyoisoma Nusu

Mama yangu, ambaye wanawe wote twamwita yeyo, ana daftari la jalada la buluu alilolinunua mjini Kajiado mwezi wa Aprili 2012. Ukurasa wa kwanza una tarehe ya mchango wangu. Kurasa kumi na moja zinazofuata ni majina na kiasi: elfu mbili kutoka kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi niliyosoma, mia tano kutoka kwa kijana mwenye boza la maji, mbuzi mmoja aliyenadiwa akanunuliwa, akarudishwa, akanadiwa tena, na mia mbili kutoka kwa mjane aliyekuwa akiuza maziwa kando ya barabara ya Namanga. Yeyo aliacha shule akiwa darasa la nne. Herufi zake ni kubwa, zimesimama wima, na kila mstari ameupigia rula. Chini kabisa ya ukurasa wa mwisho ameandika jumla: 246,500.

Pesa hizo zilichangwa kwa sababu ya barua.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya shahada ya ualimu mwaka 2011, Jiografia na Hisabati, na nikifundisha kwa mkataba wa bodi katika shule moja ya sekondari Kitengela. Nilikodi chumba kimoja upande wa Noonkopir. Majirani zangu wengi walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya EPZ kule Athi River. Walitoka alfajiri na kurudi giza likiingia, nami jioni nikienda saiba, pale pa kulipia intaneti, kutafuta chuo. Nilijua ninachotaka kusomea. Ukame wa 2009 ulitukuta na ng'ombe arobaini na watatu, na mvua iliporudi tulikuwa na tisa. Nilitaka kusomea usimamizi wa maji katika nchi kavu, nirudi nyumbani na jambo la kusema.

Machi 2012 barua ikaja kutoka chuo kikuu kimoja cha Uingereza. Niliichapisha pale saiba, kurasa mbili, shilingi ishirini.

Kwetu Kenya barua ya namna hiyo haijawahi kuwa ya mtu mmoja. Tom Mboya na wenzake walipopanga ndege ya kwanza ya wanafunzi kwenda Marekani mwaka 1959, ikabeba vijana 81, wako waliokuwa wamechangiwa na jamaa na majirani kabla ya kufika uwanja wa ndege. Baba yangu alikuwa mtoto wakati huo, lakini hadithi hiyo aliijua, na kwake mambo yalikuwa wazi: mtoto akiandikiwa na chuo cha ng'ambo, watu huitwa. Akauza maksai wawili katika soko la Bissil ili mchango uwe na msingi, kisha akatuma habari.

Siku yenyewe mzee wa kanisa alisimama na barua mkononi. Akasoma aya ya kwanza kwa Kiingereza, akaieleza kwa Kiswahili, na shemeji yangu akaieleza kwa Kimaasai. Aya hiyo ilisema chuo kinafurahi kunipa nafasi ya kusomea shahada ya uzamili. Vigelegele vikapigwa. Barua ikakunjwa. Ukurasa wa pili haukufunguliwa.

Ukurasa wa pili ulisema nafasi hiyo ni ya masharti. Masharti yalikuwa matatu: niwe nimepata daraja la pili la juu, nipeleke transkripti kamili yenye sahihi na muhuri wa msajili, na nipate alama 6.5 katika mtihani wa Kiingereza wa IELTS. Yote matatu yawe yamewafikia kufikia tarehe 31 Julai. Kabla ya hapo chuo kisingenipa namba ya CAS, yaani ya kuthibitisha kwamba kimenipokea, na bila namba hiyo hakuna mtu anayeweza kuomba viza ya mwanafunzi Uingereza.

Nami nilikuwa nimeusoma ukurasa huo. Nilikuwa nimeusoma mara nyingi kuliko ule wa kwanza. Nilijua kwamba katika matokeo yangu kuna somo moja la mwaka wa tatu lisilo na alama. Nilikuwa nimelifanyia mtihani, nimetia sahihi ya kuhudhuria, lakini kwenye orodha mbele ya namba yangu palikuwa na mstari mtupu. Mwanafunzi yeyote aliyepita chuo kikuu Kenya katika miaka hiyo anajua maana ya mstari huo. Nilijiambia alama itapatikana kabla ya Julai, kwa hiyo hakuna haja ya kuwatia watu wasiwasi. Nilikaa pale mbele, kwenye kiti kilichofunikwa leso, nikatazama yeyo akiandika majina.

Mtihani wa IELTS niliufanya Mei, nikaupita. Alama iliyopotea ndiyo iliyonimaliza. Fomu ya kuitafuta ilihitaji sahihi tatu. Mhadhiri wa somo hilo alikuwa likizoni, aliyekaimu nafasi yake hakuwa na karatasi za mtihani, na karatasi zilipopatikana mwenyekiti wa idara alikuwa safarini. Kwa hesabu yangu nilipanda matatu kutoka Kitengela mara kumi na nne kwenda kukaa katika ukumbi wenye benchi la mbao na dirisha lililofungwa. Mwisho wa Julai niliwaandikia Waingereza kuomba muda, nao wakanipa wiki mbili. Wiki mbili zikaisha. Barua ya tatu ikasema nafasi yangu imekoma na naweza kuomba upya mwaka unaofuata.

Alama ilipatikana Oktoba. Ilikuwa 68.

Baba hakuelewa, na kosa halikuwa lake. Tulikuwa tumemwambia nimekubaliwa. Sasa nilikuwa nikimwambia sikukubaliwa, na hakuna aliyebadili nia katikati. Nikakaa naye nje ya boma jioni, nikamweleza yale masharti matatu moja baada ya lingine. Akanyamaza muda, kisha akasema, "Kwa hiyo ilikuwa kama ndama wa Bissil. Ulikuwa umeelewana na mwenye mali, mmeshikana mikono, lakini hujapata kibali cha kumsafirisha. Ndama bado yuko sokoni."

Nikamjibu, "Ndiyo, baba."

"Na sisi tulikuwa tumeshaita watu waje kumwona nyumbani."

Nimesoma maelezo mengi ya vyuo kuhusu aina za udahili tangu siku hiyo, na sijaona lililo wazi kuliko hilo. Nafasi ya masharti ni makubaliano ya sokoni. Hujaingia. Aliyekuandikia anasema kwamba ukitimiza kadhaa na kadhaa, mlango utafunguliwa. Na usipotimiza, hajavunja ahadi yoyote, kwa sababu ahadi ilikuwa na "iwapo" ndani yake tangu mwanzo.

Yeyo naye hakuwa na maneno mengi. Alileta daftari. Tulikuwa tumetumia 31,000 kwa mtihani, nauli na karatasi. Zilizosalia zilikuwa benki. Akasema tutapita kwa kila mtu aliyeandikwa, tumweleze, na anayetaka chake arudishiwe. Tulitembea Jumamosi sita. Tulianza Kajiado mjini, tukaenda Isinya, tukamalizia Kitengela. Mbele ya kila mlango yeyo alifungua ukurasa, akaweka kidole kwenye jina, kisha akanitazama, ishara kwamba ni mimi nitakayesema. Nilisema. Nilisema barua ilikuwa na ukurasa wa pili, kwamba niliujua, na kwamba sikuwaambia.

Wengi walikataa kurudishiwa. Mwalimu mkuu alisema pesa zikae palepale, zinisomeshe hata kama ni hapa nyumbani. Mwenye boza aliniuliza kama ng'ambo ndiko kwenye maji. Mjane wa maziwa alipokea mia mbili zake kwa mikono miwili, akaniombea, akazifunga kwenye pindo la shuka. Alikuwa na mgonjwa nyumbani. Yeyo alipiga mstari juu ya jina lake kwa rula, vizuri kama alivyoliandika, na pembeni akaandika "amepewa". Hadi leo nikipewa karatasi nitie sahihi huliona neno hilo.

Barua ya pili ya kupewa nafasi ilikuja mwaka 2013, ya chuo cha Nairobi, na safari hii niliisoma mbele ya yeyo kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Ilisema nimepokelewa kwa muda. Niliogopa, nikidhani ni shimo lile lile. Sivyo. Anayepokelewa kwa muda ameingia: anasajiliwa, anapewa namba, anakaa darasani siku ya kwanza na wenzake. Kinachosubiriwa ni karatasi, kama vile vyeti halisi vya kukaguliwa, barua za mapendekezo, au idhini ya bodi ya masomo ya uzamili ambayo huenda haijakutana. Hatari yake ni ya polepole. Kwa kuwa uko ndani, unasahau kwamba faili lako lina pengo. Nimewaona watu waliomaliza mitihani ya mwaka mzima, wakaandika pendekezo la utafiti, na walipotaka kupewa msimamizi wakaambiwa hawajasajiliwa kikamilifu. Hakuna aliyewafukuza. Hawakuwa tu wamewahi kuuliza ni lini neno "muda" litaondolewa kwenye barua yao, na kwa maandishi ya nani.

Niliuliza wiki ya kwanza. Karani alishangaa kidogo, akatafuta faili, akanionyesha kinachokosekana: barua moja ya mapendekezo. Nikaileta baada ya siku nne, na kabla ya muhula kwisha nikapata barua nyingine, fupi, isiyo na neno "muda". Nikampelekea yeyo. Akaibandika ndani ya daftari kwa gundi.

Baba akaimalizia picha yake. Huyu, akasema, ni ndama ambaye umefika naye nyumbani lakini unamlaza kando kwanza, humchanganyi na kundi mpaka umwone anakula na hana homa. Nikamwambia kuna aina nyingine inayofanana na huyo hata zaidi, na ndiyo kweli: udahili wa majaribio. Kijana mmoja tuliyekuwa naye nyumba moja Kitengela aliupata Marekani. Alama zake za shahada ya kwanza zilikuwa chini kidogo ya zile chuo kilichotaka, lakini waliona kazi aliyofanya wakampa nafasi, kwa sharti kwamba katika masomo ya mwanzo asishuke chini ya wastani wa B, ambao kule huandikwa 3.0. Wa masharti huangaliwa kabla ya kuingia. Wa muda hungojewa karatasi. Wa majaribio hutazamwa anavyosoma. Huyu wetu alinipigia simu akiwa na orodha ya masomo mazito manne, akitaka kuonyesha uwezo wake. Nilimsihi achague yale anayoyamudu muhula huo wa kwanza, na magumu ayaache kwa muhula atakaokuwa huru. Aliniona mwoga. Lakini alinisikia, na alivuka.

Wapo pia wanaopewa ruhusa ya kusoma somo moja au mawili bila kuingizwa katika shahada yoyote. Kwa mfanyakazi anayeishi karibu na chuo hicho ni njia nzuri ya kujipima. Kwa mtu wa Kajiado anayehitaji viza ni barua isiyomfikisha mbali, na heri aambiwe mapema.

Lakini jambo ambalo limeniuma zaidi katika miaka hii ni watu ambao hawakuwahi kuomba kabisa. Mwaka 2015 katika shule tuliyofundisha kulikuwa na mwalimu wa Kemia, dada mmoja hodari ambaye wanafunzi walibaki baada ya kengele ili wamsikilize. Alikuwa na daraja la pili la chini. Sekondi loa, kama tunavyoiita, alikuwa akiibeba kama ugonjwa wa kufichwa. Alipofuzu aliambiwa na mtu mmoja kwamba uzamili ni wa sekondi apa kwenda juu, naye kwa miaka sita hakuuliza mtu wa pili. Nikamwonyesha miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya 2014. Tume hiyo iliundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, na miongozo yake hiyo iliacha mlango wazi kwa mwenye sekondi loa aliye na uzoefu wa kazi katika fani yake au stashahada ya uzamili. Vyuo vingi huomba uzoefu wa miaka miwili. Yeye alikuwa na sita. Mwalimu mkuu alimwandikia barua ya kuthibitisha miaka hiyo, tukaiambatisha, na jibu lilipokuja halikuwa la masharti, wala la muda, wala la majaribio. Lilikuwa udahili kamili. Alikaa katika chumba cha walimu akiishika barua hiyo, asiigeuze, mpaka nikamwomba aigeuze tuhakikishe hakuna kitu nyuma. Hakukuwa na kitu.

Miaka sita! Na karatasi yenyewe ilikuwa wazi kwa kila mtu.

Mwingine alikuwa kijana wa Namanga aliyesoma shahada ya kwanza upande wa Tanzania, jambo la kawaida kwa watu wa mpakani, kwani Arusha ni karibu kwao kama Nairobi au zaidi. Barua yake ya uzamili hapa Kenya ilimtaka alete uthibitisho kutoka kwa Tume kwamba shahada yake inalingana na za hapa. Alikasirika. Alikuwa amesikia, na ni kweli, kwamba mwezi Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Nami nadhani hasira yake ilikuwa na haki: babu zetu walisoma Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vikiwa chuo kikuu kimoja, kati ya 1963 na 1970, na mjukuu analipia muhuri ili atambuliwe akivuka mpaka. Lakini tangazo la wakuu halikuondoa sharti lililo kwenye barua yake, na barua ilikuwa na tarehe. Nilimwambia hasira aiweke pembeni mpaka apate muhuri.

Nikiwaeleza vijana haya huwakumbusha kwamba hata vyuo vyenyewe vimepitia njia hiyo. Kule Ongata Rongai, katika kaunti yetu hii hii ya Kajiado, kuna Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika, ambacho hudahili wanafunzi wa uzamili na uzamifu pekee. Kilifanya kazi kwa barua ya mamlaka ya muda kabla ya kupata hati kamili mwaka 2013. Majirani zake wa Chuo Kikuu cha Africa Nazarene walipata yao 2002. Kabla ya hapo walifundisha na kutahini wakijua kuna mtu anayehesabu vitabu vyao vya maktaba na walimu wao. Walijua wanadaiwa nini. Mwanafunzi aliyepewa barua ya muda hana sababu ya kuona haya. Ana sababu ya kuuliza anadaiwa nini.

Siku hizi nafundisha bado, hapo hapo Kitengela, na Jumamosi mchana huwa nakaa katika saiba ya rafiki yangu karibu na steji. Watoto wa wenzangu huniletea barua zao. Wengi wanatafuta ufadhili, na huko ndiko makosa yangu ya 2012 yanapojirudia vibaya zaidi. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, kwa mfano, hautoshi peke yake: aliyechaguliwa lazima awe na angalau nafasi moja isiyo na masharti kabla ya siku yao ya mwisho, ambayo huwa Julai, na hauwezi kuahirishwa hadi mwaka wa pili. Mtu anaweza kushinda ufadhili kati ya maelfu, kisha aukose kwa transkripti moja. Kwa hiyo siku hizi naanza kuuliza habari za alama zisizoonekana kabla hata ya kuuliza mtu anataka kusomea nini.

Januari iliyopita alikuja binti mmoja wa Isinya. Barua ilikuwa kwenye simu. Tukaichapisha ili tuweze kuandika juu yake. Tuliisoma kutoka ukurasa wa mwisho. Kila tulipokuta "iwapo" au "mpaka" alipiga mstari kwa kalamu nyekundu, na pembeni akaandika vitu viwili: nani wa kuleta, na tarehe. Yalikuwa mambo manne. Mawili alikuwa nayo kwenye begi. La tatu lilikuwa barua ya mapendekezo ya mtu mmoja ambaye hakuwa amejibu, na la nne lilikuwa transkripti.

Simu yake ikalia tukiwa katikati. Ni mama yake, na sauti ilitoka kubwa hata mimi nikasikia: alikuwa na wageni, shangazi amefika, watu wanauliza wapange siku gani.

Binti aliitazama karatasi iliyojaa mistari myekundu.

"Bado, yeyo," akasema. "Nipe mpaka tarehe kumi na tano."

Akakata simu, akatoa kalamu tena, akaniuliza ofisi ya msajili hufunguliwa saa ngapi Jumatatu.